Tupo marafiki tisa tunataka kutoka pamoja mjini sikukuu hii, tupange vipi tusije tukatawanyika kama mwaka jana?

Nuru_ya_Jioni

Habari zenu wadau, poleni na pilika za msimu huu. Nina jambo linanikaa kichwani wiki nzima, naomba mawazo yenu, hasa nyie mliozoea kutoka na watu wengi.

Tupo marafiki tisa, tumejuana toka shule, na kila sikukuu huwa tunasema mwaka huu tutatoka wote mjini, tutembee, tuangalie taa, tule pamoja, tusubiri fataki, basi. Mwaka jana ndo tulijaribu kweli. Tulikubaliana saa kumi jioni, nikafika mimi na wengine wawili tu, wengine wakaanza kuingia mmojammoja mpaka saa kumi na mbili, tulivyokuja kukamilika tayari kuna watu wameshachoka kusimama. Tulivyoingia kula bili ikagawanywa sawa kwa sawa, na mwenzetu mmoja ambaye alikuwa ameagiza soda peke yake akalipa bila kusema kitu, nusu saa baadae tunamtafuta hatumuoni, kumbe kashaondoka. Halafu kwenye fataki umati ukatubana, wengine wakaenda kulia wengine kushoto, simu hazishiki, zingine zimezima chaji, fataki zinalia tupo wanne. Nilirudi nyumbani naumia kwa kweli, maana kila mtu alikuja na moyo wake wote na hakuna aliyemkosea mwenzake kwa makusudi.

Mwaka huu nauchukulia kwa uzito zaidi kwa sababu mmoja wetu anahamia mbali baada ya sikukuu, nchi nyingine kabisa, na sijui lini tena tutakuwa tisa sehemu moja. Nataka akiondoka aondoke na kumbukumbu ya siku iliyokuwa nzima.

Sasa naomba mnisaidie, tupange vipi ratiba, hela tufanyeje, na kwenye umati wa usiku mnafanyaje msipotezane? Asanteni.

Kamanda_Ratiba

Dada Nuru pole sana, ila naomba nianze na kitu ambacho watu wengi hawakiwazi. Tisa ni wengi. Simaanishi msitoke tisa, namaanisha msitegemee tisa watembee kama mtu mmoja, haitokei hata mpendane vipi. Kuna mtafiti wa Uingereza anaitwa Robin Dunbar, yeye na wenzake waliangalia watu wanavyopiga stori wenyewe bila kupangwa, wakachapisha mwaka 1995, wakakuta mazungumzo mamoja mara chache sana yanazidi watu wanne. Akija wa tano tu, maongezi yanaanza kukatika yanakuwa mawili. Kwa hiyo mkiwa tisa njiani mtakuwa vikundi viwili au vitatu tu kwa asili, wa mbele wanaongea yao wa nyuma yao, wa mbele wanavuka barabara wa nyuma taa imewazuia, ndo mnapotezana hapo na wala sio kwamba kuna mtu hajali.

Dawa yake mimi naona ni kukubali hilo toka mwanzo. Gawaneni jozi, kwa tisa mnapata jozi tatu na kikundi kimoja cha watatu. Kila mtu kazi yake ni kumjua mwenzake yuko wapi, sio kuwajua wote nane. Mkitaka kuhesabu mnahesabu jozi, sekunde tano mmemaliza, na hakuna mtu mmoja anayegeuka kuwa mchungaji wa wenzake usiku kucha, maana naona hapo mwaka jana huyo mchungaji alikuwa ni wewe.

La pili punguzeni mambo. Kutembea, taa, kula, fataki, hayo ni manne kwa jioni moja ya siku ambayo mji mzima umetoka. Kila kituo kinakula muda wa kusubiriana, mtu msalani, mtu anapiga picha, mtu kakutana na binamu yake. Chagueni moja ambalo ndo lenyewe, hilo mliwekee saa na muwahi, mengine yawe ya njiani yakipatikana yapatikane.

Halafu kabla hamjapanga kwenda pangeni kurudi. Siku za sikukuu usafiri haufuati ratiba ya kawaida. London kwa mfano tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi na mabasi ya mji hayatembei kabisa siku nzima, mgeni asiyejua anaganda barabarani. Kila mji una yake, ulizeni mapema gari la mwisho saa ngapi, barabara gani zinafungwa, na hiyo saa ya kurudi ndo iamue saa ya kuanza. Watu wanafanya kinyume, wanapanga kuanza tu, ya mwisho wanayaachia Mungu.

Kichuna_wa_Bahari

Mimi nataka kuongelea hela maana huyo mwenzenu wa soda kaniuma sana moyoni, nimewahi kuwa yeye.

Ilikuwa kipindi nimesimamishwa kazi, rafiki zangu hawajui, nikatoka nao nikiwa nimeshapiga hesabu zangu za nauli na kinywaji kimoja. Bili imekuja mtu akasema kwa furaha kabisa jamani tugawane tu sawa tusianze mahesabu. Hana ubaya huyo mtu. Ila mimi pale nililipa hela ya nauli yangu ya wiki nzima, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba singeweza kusema bila kuonekana naharibu sikukuu ya watu. Toka siku hiyo nikawa nikialikwa natoa udhuru. Miezi kama minane hivi. Walidhani nimewachoka.

Na sio suala la ubahili, hata wataalamu wameliangalia. Uri Gneezy na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2004, walikuwa wanawapeleka watu mgahawani sitasita, kuna makundi yameambiwa kila mtu atalipa chake na kuna makundi yameambiwa bili itagawanywa sawa. Wale wa kugawana waliagiza vya gharama zaidi. Na walipoulizwa kabla wangependa ipi, wengi walitaka kila mtu alipe chake. Yani ule utaratibu wengi hawautaki ila wakishakaa mezani hakuna wa kulisema.

Sisi sasa hivi tunafanya hivi, vitu vya pamoja kama gari au kiingilio tunachanga kabla, wiki moja kabla, na kiwango kinaamuliwa na yule mwenye uwezo mdogo. Kila mtu anamtumia mweka hazina kwa siri kiasi anachoweza, mweka hazina anatangaza kile kidogo kuliko vyote bila kutaja ni cha nani, basi mipango yote inakaa ndani ya hicho. Chakula na vinywaji kila mtu chake, na mnamwambia mhudumu mapema kabla hajaandika oda, sio mwishoni, maana mwishoni ndo aibu inapoanzia. Mwenye uwezo zaidi akitaka kuwafurahisha wenzake basi anunue kitu kimoja cha wote, kila mtu apate, asimlipie mmoja mbele za watu.

Kama mna hela ndogo sana msiogope kuondoa mgahawa kabisa. Kuangalia taa ni bure, kutembea ni bure, kukaa sehemu ya wazi na vitu mlivyobeba kutoka nyumbani ni raha tu.

mzee_wa_geti

Nimefanya kazi ya kuongoza watu kwenye mikusanyiko mikubwa miaka kadhaa, naomba mnisome vizuri kwenye hili la umati kwa sababu watu wengi wanalichukulia kama usumbufu tu wakati ni suala la uhai.

Mnakumbuka Seoul, Korea Kusini, mtaa wa Itaewon, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022. Vijana walitoka na marafiki zao kusherehekea, hakuna moto, hakuna bomu, hakuna ugomvi. Kichochoro chembamba chenye mteremko, watu wanaotoka juu wamekutana na wanaopanda, wakabanana. Walikufa watu 159, wengi wao miaka ishirini na kitu. Watu walishaanza kupiga simu polisi kuhusu msongamano ule masaa karibu manne kabla. Na kitu ambacho wengi hawajui, kwenye ajali za hivi watu wengi hawafi kwa kukanyagwa, wanafia wamesimama, kifua kimebanwa pande zote mpaka mapafu hayawezi kupanuka kuvuta hewa.

Kipimo chepesi ni hiki. Ukiwa unaweza kuinua mikono ukagusa uso wako bila kumsukuma mtu bado uko salama. Ukianza kuguswa na watu pande zote nne kwa wakati mmoja, ondoka hapohapo, usisubiri izidi. Wakizidi kama watano kwenye mita moja ya mraba hatari inaanza, wakifika sita saba umati unakwenda kama maji, unakubeba hata hutaki, unaona mawimbi yanatoka mbali yanakuja, na hapo hakuna mtu yeyote anayesukuma kwa makusudi.

Ikikukuta, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili uachie mapafu nafasi. Usishindane na wimbi, likikusukuma enda nalo, likitulia ndo unasogea kimshazari kuelekea pembeni, likija tena unatulia, hivyohivyo mpaka utoke. Kaa mbali na ukuta na uzio. Kitu kikidondoka, simu, kiatu, chochote, kiache, usiiname. Mtu akianguka karibu yako mnyanyueni haraka sana. Na msipige kelele ovyo, hewa ni ya thamani.

Ila yote hayo ni ya mtu aliyechelewa. Bora zaidi msiende katikati kabisa. Fataki ziko juu angani, mkisimama nyuma kidogo au pembeni mnaziona vilevile na mnaongea mkasikizana. Mkishafika angalieni njia mbili za kutokea, na hiyo mliyoingilia msiihesabu maana kila mtu ataikimbilia. Zikiisha msikurupuke, kaeni palepale nusu saa, pigeni stori watu wapungue. Dakika kumi za mwanzo baada ya fataki ndo mbaya kuliko zote.

Na mjue pia sehemu kubwa zina masharti yao. New York pale Times Square, ule mpira mkubwa wa taa wa mwaka mpya wanaushusha kwenye mlingoti toka 1907, polisi wanawaweka watu kwenye vizuizi, ukitoka kwenda msalani nafasi yako imekwenda, na vyoo hamna humo ndani, mabegi makubwa hawaruhusu, pombe hawaruhusu. Watu wanasimama hivyo masaa mengi. Fataki za London za mkesha wa mwaka mpya toka 2014 bila tiketi huingii eneo la kuangalizia. Mji wenu sijui ni upi ila someni tangazo la wenyeji wa shughuli kabla hamjabeba watu tisa.

Antena_Moja

Nyongeza kwa habari ya simu, mimi ndo kazi yangu.

Simu kutoshika kwenye fataki sio bahati mbaya, mnara mmoja unahudumia idadi fulani ya watu kwa wakati mmoja, sasa wakija maelfu na wote wanarusha video dakika ileile unazidiwa. Meseji ya kawaida, ile ya maandishi isiyotumia intaneti, ni ndogo sana na mara nyingi inapenya wakati simu na WhatsApp zimegoma, hata ikichelewa itaingia. Kwa hiyo mkipotezana msipige simu mara ishirini, andika meseji moja iliyokamilika, sio "uko wapi" bali "nipo upande wa kaskazini wa mnara wa saa, nabaki hapa mpaka saa tano na nusu". Ujumbe mmoja, mtu anajua pa kuja na anajua una subira mpaka lini.

Kuhusu kutuma lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, ina machaguo ya dakika 15, saa 1 na masaa 8, watu wanachagua masaa 8 halafu wanalalamika chaji. Washeni ile fupi pale mnapohitaji tu. Na katikati ya maghorofa marefu msiiamini sana, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta yanadunda, inaweza kukuonyesha mtu yuko mtaa wa pili kumbe yuko nyuma yako.

Sehemu ya kukutania wekeni kabla hamjatoka nyumbani, na iwe kitu kisichohama na kisichofungwa. Msiseme getini, getini ndo kila mtu kasema. Sanamu, kona ya jengo fulani, hatua hamsini nje ya msongamano. Na muweke sheria moja, aliyepotea asitafute, aende pale na asubiri, kila saa kamili jozi moja inapita kuangalia. Watu wawili wakitafutana wote wakiwa wanatembea wanaweza kupishana usiku mzima.

Namba mbili tatu andikeni kwenye karatasi mtie mfukoni. Hakuna anayekumbuka namba za rafiki zake kichwani siku hizi.

Nuru_ya_Jioni

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki sana. Mzee wa geti umenitisha lakini umenisaidia, ile ya kuguswa pande zote nne mwaka jana ilitukuta na tulikuwa tunacheka tu.

Nina maswali mawili. Moja, kuna rafiki yetu anachelewa siku zote, ni mtu mzuri sana ila kuchelewa ndo tabia yake, tukimsubiri tunakwama wote, tukimuacha atajisikia vibaya. La pili, picha. Kuna wawili hawapendi picha zao kurushwa mitandaoni, na kuna mmoja anarusha kila kitu papohapo.

Kamanda_Ratiba

Huyo anayechelewa msimuwekee saa tofauti ya uongo, akija kugundua inauma, na watu wazima hawafanyiani hivyo. Mpe jozi. Mtu wa jozi yake anampitia kwake wanakuja wote. Na saa ya kukutana isiwe ya kusimama barabarani, iwe sehemu mnayoweza kukaa, aliyewahi akapumzika. Mwambieni wazi, tutakuwa pale saa kumi mpaka kumi na moja kasorobo, baada ya hapo tunaelekea sehemu fulani kwa miguu utatukuta. Hapo hajaachwa wala hajasubiriwa.

Kichuna_wa_Bahari

Picha ongeeni kabla ya kutoka. Sisi tunafanya hivi, siku yenyewe harushi mtu, zote zinawekwa kwenye grupu la wenyewe, kesho yake kila mtu anasema ipi isiende nje na haendi kuulizwa kwa nini. Hata kiusalama ni vizuri, ukirusha papohapo umewatangazia watu kwamba nyumba yako haina mtu. Na picha za grupu tumeni kama dokyumenti, zikipita kawaida WhatsApp inazibana, huyo anayehama atataka kuja kuzichapisha.

Muombeni mtu baki awapige moja mkiwa tisa. Fanyeni mapema kabla giza halijaingia, maana kila mara tunasema tutapiga mwishoni na mwishoni mtu mmoja kashaenda.

Pole_pole_ndo_mwendo

Nimesoma kimya toka juu, naomba niseme tofauti kidogo. Mnampangia Nuru vizuri lakini naogopa mtu anayehama asije akakumbuka ratiba tu. Mimi nilihama mji wangu miaka kumi iliyopita, rafiki zangu wakanitoa sikukuu ya mwisho, tulienda sehemu nyingi sana siku hiyo na picha ninazo nyingi. Ninachokikumbuka ni kituo cha basi. Basi lilichelewa dakika arobaini tukakaa kwenye ukingo wa barabara sote, viatu tumevua, mmoja akaanza kusimulia tulivyokutana, kila mtu akaongezea kipande chake, na mimi nikagundua kuna mtu kati yao alinisaidia kitu kikubwa zamani na hakuwahi kuniambia. Kile kituo cha basi nimekibeba mpaka leo.

Kwa hiyo acheni saa moja nzima isiyo na kitu. Mkae chini sehemu tulivu, mbali na muziki, kabla ya fataki. Na kama mtakuwa vikundi viwili kutwa nzima mimi sioni shida, mtu akitaka kwenda kuangalia kitu chake na jozi yake aende, ila hiyo saa moja wote tisa muwepo. Fataki mkizikosa sio tatizo.

Na dada Nuru, samahani kama naingilia, huyo aliyeondoka kimyakimya mwaka jana, kuna mtu aliwahi kuongea nae?

Nuru_ya_Jioni

Hapana. Nimekaa na hilo swali lako toka jana usiku. Tulimwandikia kwenye grupu "umetukimbia" na vicheko, akajibu kwa kicheko, ikaisha. Hakuna aliyempigia. Mimi pia sikumpigia, na nyumba zetu ziko karibu.

Nimeongea na huyu anayehama, nikamwambia mawazo yenu. Amesema saa moja ya kukaa ndo anayoitaka kuliko vyote, fataki tutaziangalia tukiwa hukohuko tulipokaa, kwa mbali. Kwa hiyo hatuingii kwenye umati kabisa. Mgahawa tumeutoa, kila jozi itabeba kitu kutoka nyumbani. Gari la kurudi nimeshaulizia, la mwisho linaondoka saa sita na robo usiku, tutalipanda lililo kabla yake. Mweka hazina nimemchagua mtu anayejua kutunza siri.

Grupu bado sijaliandikia lolote. Leo jioni nikitoka kazini napita kwanza kwa yule wa soda, nitamgongea mlango, na nitamuomba awe jozi yangu.